Nyumba ya Hesabu ya Amsterdam: Miaka 80 ya CWI

Tarehe 21 Juni 1952, waziri wa elimu wa Uholanzi na meya wa Amsterdam walikaribishwa katika jengo lililokuwa shule, mtaa wa Tweede Boerhaavestraat, washuhudie uzinduzi wa kompyuta inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini mwao. Iliitwa ARRA. Ilikuwa ya relei, yaani zile swichi za sumaku za mitambo ya simu, na vijana wawili walioijenga, Carel Scholten na Bram Loopstra, walijua kuliko mgeni yeyote jinsi ilivyokuwa haiaminiki. Wakaitafutia kazi isiyo na hatari: itoe orodha ya namba za nasibu. Namba za nasibu hazina mpangilio, na mashine ikikosea hapo, nani atajua? Sherehe ikapita salama. Baada ya siku hiyo ARRA haikufanya tena kazi yoyote ya maana.

Taasisi iliyokuwa na mashine hiyo iliitwa Mathematisch Centrum. Leo inaitwa Centrum Wiskunde & Informatica, kwa kifupi CWI, na ndiyo taasisi ya taifa ya Uholanzi ya utafiti wa hisabati na kompyuta. Iliundwa 11 Februari 1946, kwa hiyo mwaka 2026 inatimiza miaka 80. Walioanza na kompyuta isiyofanya kazi ndio hao hao ambao, ndani ya muongo mmoja, walitoa mambo ambayo mwanafunzi wa kompyuta wa Nairobi au Dodoma hawezi kuhitimu bila kuyasoma. Ila ukitazama yaliyotoka humo tangu wakati huo, unakuta karibu kila kitu kilichopata jina kilipata jina hilo baada ya kuhama, na nyumba haikukishika shati.

Uholanzi ya 1946 ilikuwa nchi iliyochoka. Ilikuwa imetoka kwenye miaka mitano ya kukaliwa na Ujerumani, na majira ya baridi ya mwisho ya vita watu wa miji ya magharibi walikufa kwa njaa. Katika hali hiyo maprofesa sita, van der Corput, van Dantzig, Koksma, Kramers, Minnaert na Schouten, waliona kwamba moja ya mambo ya kujengwa upya ni hisabati. Hawakuwa wanahisabati watupu wote: Kramers alikuwa mwanafizikia, na Minnaert mwanaastronomia aliyewahi kushikiliwa na Wajerumani kama mateka. Walitaka kituo kimoja cha nchi nzima, kitakachofanya utafiti wa hisabati na papo hapo kuitumikia jamii, maana waliamini kwamba mwanahisabati anayejifungia na maswali yake peke yake ameikosea nchi iliyokuwa magofu. Kisheria wakakiunda kama wakfu, na mkurugenzi wa kwanza akawa van der Corput.

Si kila mtu alifurahi. L. E. J. Brouwer, mwanahisabati mashuhuri kuliko wote aliokuwa nao Amsterdam, alijikuta pembeni mwa mradi mkubwa unaofanyika mjini kwake, na uchungu huo hakuuficha. Waanzilishi hawakusubiri baraka zake.

Idara zilikuwa nne: hisabati tupu, takwimu, hisabati tumizi na ukokotoaji. Hiyo ya ukokotoaji ilikabidhiwa Januari 1947 kwa mhandisi wa umri wa miaka 30, Adriaan van Wijngaarden. Alitembelea Uingereza na Marekani kuona mashine mpya zilizokuwa zikijengwa huko, akarudi Amsterdam kwenye idara ambayo kompyuta zake zilikuwa wasichana.

Waholanzi waliwaita *rekenmeisjes*, wasichana wa hesabu. Walikuwa wamemaliza sekondari na kupewa mafunzo, nao walikaa mbele ya mashine za kukokotolea za mezani siku nzima. Tatizo likiletwa na kiwanda au wizara, wataalamu waliligawa vipande vipande hadi likawa mfululizo wa hatua nyepesi kwenye karatasi: chukua namba ya safu hii, izidishe kwa ya safu ile, andika jibu hapa, endelea. Aliyekokotoa hakulazimika kujua kama hesabu inahusu bawa la ndege au kina cha maji. Vitabu vingi vya historia huwapitia wasichana hawa kwa sentensi moja na kukimbilia mashine. Mimi naona hapo ndipo penye mambo. Kulivunja swali gumu kuwa amri ndogo ndogo ambazo mwingine atazitekeleza bila kuuliza ndiyo kazi yenyewe ya kuandika programu, na idara ile iliifanya kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa na chombo cha umeme cha kuipokea.

Aliyewaokoa na aibu ya ARRA alitoka nje. Gerrit Blaauw, Mholanzi aliyesomea Harvard kwa mjenzi wa kompyuta Howard Aiken, alijiunga nao mwaka 1952 na kuwashauri waiache mashine ile, waanze upya kwa umeme wa valvu na kwa nidhamu ya kihandisi. Mwisho wa 1953 walikuwa na mashine nyingine kabisa. Ili heshima isivunjike kwa waliokwisha kuizindua ya kwanza, nayo ikaitwa ARRA. Hii ilifanya kazi. Mteja wake mkubwa alikuwa kiwanda cha ndege cha Fokker, kilichotaka kujua mabawa ya ndege yake mpya, F27 Friendship, yatatikisika vipi angani, na mwaka 1955 Fokker ikajengewa mashine yake ya aina hiyo. Wasafiri wa Afrika Mashariki waliopanda Friendship za East African Airways katika miaka ya 1960 na 1970 walibebwa na mabawa yaliyopitia meza za Boerhaavestraat. Blaauw mwenyewe hakukaa. Alikwenda IBM, akawa mmoja wa wasanifu watatu wakuu wa System/360, familia ya kompyuta iliyoiweka kampuni hiyo juu ya wenzake wote.

Lakini kazi ambayo Waholanzi wenyewe wana sababu ya kuikumbuka kwanza haikuwa ya kompyuta. Usiku wa kuamkia 1 Februari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilibomoa matuta ya kusini-magharibi mwa nchi, na watu 1,836 wakafa. Serikali iliunda Tume ya Delta kuamua la kufanya, na tume ikaja na swali lililosikika kama la mhandisi ujenzi, nalo ni la mtu wa takwimu: tuta liwe na kimo gani?

Mkuu wa idara ya takwimu, David van Dantzig, aliligeuza swali. Tuta lisiloweza kuvukwa na maji kamwe halipo, kwa sababu dhoruba kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa inaweza kufuatwa na kubwa zaidi. Kinachoweza kupimwa ni mara ngapi bahari inafika kimo fulani, hasara itakuwa kiasi gani ikivuka, na kila sentimita ya kuongeza tuta inagharimu nini. Weka gharama ya ujenzi upande mmoja na hasara inayotarajiwa upande wa pili, kisha tafuta kimo ambapo jumla ya hizo mbili ni ndogo kabisa. Hoja hiyo aliichapisha mwaka 1956. Ugumu wa kupata data ulikuwa mkubwa, maana kumbukumbu za mawimbi zilirudi nyuma miongo michache tu, ilhali wao walitaka kujua dhoruba ya miaka maelfu. Na lilikuwapo lile lisilolipiwa kwa fedha, uhai wa watu, ambalo yeye mwenyewe alikiri halikai vizuri kwenye mizania.

Tume ilipotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 1960, kimo cha msingi kwenye pwani ya Hoek van Holland kilikuwa mita 5 juu ya usawa rasmi wa bahari, kimo ambacho maji yangetarajiwa kukifikia mara moja kwa wastani wa miaka 10,000. Mwaka 1953 maji yalikuwa yamefika mita 3.85. Van Dantzig alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Taifa zima likaishi nyuma ya namba iliyotoka kwenye nadharia ya uwezekano. Sijui nchi nyingine iliyopata malipo makubwa hivyo kutoka kwa mishahara ya wanahisabati wachache.

Kwenye ghorofa za kompyuta alikuwapo tangu Machi 1952 kijana mwembamba aliyekuwa akisoma fizikia Leiden, Edsger Dijkstra. Aliajiriwa kuandika programu, kazi ambayo haikuwa na jina wala heshima. Alipomweleza van Wijngaarden wasiwasi wake, kwamba akitafutwa ujuzi wake hasa ni upi hatakuwa na la kuonyesha, mkubwa wake alikubali kwamba taaluma hiyo bado haipo. Kisha akamuuliza kwa nini asiwe mmoja wa watakaoifanya iwepo. Dijkstra alitoka humo ameamua. Mwaka 1957 alipofunga ndoa na Maria Debets, aliyekuwa mmoja wa wale wasichana wa hesabu, ofisi ya jiji la Amsterdam ilikataa kuandika kwenye cheti kwamba kazi yake ni kuandika programu. Haikuwamo kwenye kazi wanazozijua. Wakamwandika mwanafizikia wa nadharia.

Mwaka mmoja kabla ya ndoa hiyo taasisi ilizindua mashine mpya, ARMAC, na safari hii hawakutaka namba za nasibu. Walitaka mgeni aulize swali analolielewa na aweze kulihakiki jibu. Dijkstra alikuwa kwenye baraza la mkahawa na mchumba wake, wamechoka kwa kuzunguka madukani, wanakunywa kahawa. Kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akapata njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya miji miwili: anzia mji wa kwanza, kila mara chukua mji ulio karibu zaidi kati ya ambao hujaufunga, rekebisha umbali wa majirani zake, ufunge, endelea mpaka ufike. Ramani ya maonyesho ilikuwa na miji 64 ya Uholanzi, kwa sababu tarakimu 6 za mfumo wa jozi zinatosha kuitaja yote. Aliichapisha mwaka 1959, kwenye makala ya kurasa zisizozidi vidole vya mkono. Ndani ya makala hiyo hiyo aliweka njia nyingine, ya kuunganisha vituo vyote kwa waya mchache kabisa. Nayo ilitokana na shida ya kweli: wenzake waliokuwa wakijenga mashine iliyofuata walitaka kubana matumizi ya shaba.

Mashine hiyo iliyofuata, X1, haikuwa tena mali ya nyumba. Mwaka 1956, kwa fedha za kampuni ya bima ya Nillmij, iliundwa kampuni ya Electrologica, na wajenzi wa taasisi, Scholten na Loopstra wakiwamo, wakahamia huko. Mathematisch Centrum ikaacha kujenga kompyuta moja kwa moja. X1 ilitumia transista, ikauzwa kwa wateja wa Uholanzi na Ujerumani, lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 Electrologica ikamezwa na Philips. Wapo wanaolaumu uamuzi wa kuwaachia wajenzi. Sikubaliani nao, kwa sababu kilichobaki Boerhaavestraat baada ya waya na valvu kuondoka kilikuwa lugha, na lugha zimeishi kuliko mashine zote za wakati ule.

Van Wijngaarden alikuwa miongoni mwa watunzi 13 wa lugha ya kuandikia programu, ALGOL 60. Februari 1960 yeye na Dijkstra walimpigia simu mhariri wa ripoti ya lugha hiyo, Peter Naur, huko Copenhagen, wakamwomba aongeze sentensi moja isiyoonekana kuwa na uzito. Sentensi hiyo iliruhusu sehemu ya programu ijiite yenyewe. Wengine kwenye kamati waliposhtuka, ilikuwa imeshachapwa. Agosti mwaka huo huo Dijkstra na Jaap Zonneveld walikamilisha kompaila ya ALGOL 60 kwa X1, yaani programu inayoigeuza lugha hiyo kuwa amri za mashine, na ilikuwa ya kwanza kufanya kazi. Inasimuliwa kwamba waliapa kutonyoa ndevu mpaka iishe. Zonneveld alinyoa. Dijkstra alibaki nazo.

Van Wijngaarden akawa mkurugenzi mwaka 1961. Miaka mitatu nyuma alikuwa amepata ajali ya gari Edinburgh iliyomuua mkewe na kumjeruhi yeye vibaya. Miaka yake ya ukurugenzi ilitawaliwa na ALGOL 68, lugha aliyoieleza kwa aina ya sarufi aliyoibuni mwenyewe, sarufi inayozaa sarufi nyingine. Ilikuwa nzuri ya kutazama na ngumu ya kusoma. Desemba 1968 wajumbe wachache wa kamati waliandika ripoti ya kuipinga, na kati ya majina yaliyotiwa sahihi lilikuwamo la Dijkstra, ambaye mwaka 1962 alikuwa ameshahamia Eindhoven. Mwanafunzi alikuwa amemkana mwalimu wake hadharani, kwa jambo la taaluma. Historia imempa haki mwanafunzi kwa upande wa matumizi, maana wachache waliandika programu kwa ALGOL 68. Kwa upande wa mawazo, waliounda lugha za baadaye waliokota mengi humo.

Mwaka 1980 taasisi ilihamia Watergraafsmeer, mashariki mwa jiji, na mwaka 1983 ikapata jina la CWI. Jina la zamani lilibaki kwenye mashine moja. Kompyuta ya VAX iliyoitwa mcvax ilikuwa kitovu cha EUnet, mtandao uliounganisha vyuo na kampuni za Ulaya kwa njia ya simu za kawaida, na barua pepe nyingi za kutoka Ulaya kwenda Marekani zilipitia hapo. Aliyeisimamia, Piet Beertema, alikuwa mcheshi. Tarehe 1 Aprili 1984 alitawanya ujumbe uliojidai kutoka kwa Chernenko, kiongozi wa Sovieti, akitangaza kwamba Moscow imejiunga na mtandao kupitia kompyuta inayoitwa kremvax. Watu wengi waliamini. Warusi walipojiunga kweli, miaka sita baadaye, waliipa mashine yao moja jina hilo hilo.

Beertema huyo ndiye aliyesajili .nl tarehe 25 Aprili 1986, kikoa cha nchi kama ilivyo .tz au .ke, na jina la kwanza chini yake likawa cwi.nl. Kwa karibu miaka 10 aliyagawa majina ya taifa zima yeye mwenyewe, mpaka mwaka 1996 kazi ikakabidhiwa kwa wakfu uliojitegemea. Tarehe 17 Novemba 1988, saa 8 na dakika 28 mchana, alipokea ujumbe kwamba CWI imeruhusiwa rasmi kuunganishwa na mtandao wa NSFNET wa Marekani. Hivyo Amsterdam ikawa miongoni mwa milango ya mwanzo kabisa ya intaneti barani Ulaya, na eneo la Watergraafsmeer likakua baadaye kuwa moja ya masoko makubwa duniani ya kubadilishana mawasiliano hayo, AMS-IX.

Katika miaka hiyo hiyo, Lambert Meertens na Leo Geurts walikuwa wakiijenga ABC, lugha ya kompyuta kwa watu wasio wataalamu. Ilipangwa vizuri, ikajaribiwa kwa watumiaji, ikaandikiwa kitabu. Haikuenea. Ilikuwa imejifunga, na mtu wa nje hakuwa na pa kuongeza chake. Guido van Rossum, aliyejiunga na CWI mwaka 1982 na kufanya kazi kwenye ABC, alihamishiwa mradi wa mfumo endeshi wa Amoeba, na huko akahitaji lugha nyepesi ya kazi ndogo ndogo. Wakati wa Krismasi ya 1989 ofisi zilikuwa zimefungwa naye hana la kufanya. Akaanza kuandika ya kwake. Alichukua kutoka ABC ile desturi ya kupanga amri kwa nafasi za mwanzo wa mstari, akaacha mlango wazi kwa wa nje, na kuiita Python, jina lililotoka kwa kundi la wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza. Februari 1991 aliitoa bure.

Lugha iliyokuwa kwenye mpango wa utafiti ndiyo ABC. Python haikuwa kwenye mpango wowote. Mwaka 1995 van Rossum alikwenda Marekani na lugha yake akaenda nayo, na CWI haikumzuia. Kilichobaki ni mstari wa haki. Fungua Python leo popote, andika neno copyright, na chini ya majina ya wamiliki waliofuata utaona miaka 1991 hadi 1995 na jina la Stichting Mathematisch Centrum, Amsterdam: wakfu wa 1946, kwa jina lake la 1946.

Hadithi ya usimbaji fiche ni fupi zaidi ila ina makali. David Chaum alifanyia kazi CWI mawazo yake ya fedha za kidijitali zisizoacha nyayo za mlipaji, akatoka na kampuni ya DigiCash, nayo ikafilisika mwaka 1998, miaka 10 kabla dunia haijazungumzia Bitcoin. Mwaka 1999 kundi lililoongozwa na Herman te Riele lilivunja namba ya tarakimu 155 katika vigawo vyake, na funguo za biti 512 zilizolinda biashara nyingi za mtandaoni zikaonekana hazitoshi. Mwaka 2017 Marc Stevens na wenzake wa Google walionyesha faili mbili tofauti za PDF zenye alama moja ya utambulisho ya SHA-1, jambo ambalo alama hizo ziliaminiwa kulizuia.

Na kanzidata. Tangu miaka ya 1990 kundi la Martin Kersten na Peter Boncz lilikuwa likifumua jinsi data zinavyopangwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, safu kwa safu badala ya mstari kwa mstari, na MonetDB ikatoka humo. Warithi wao, Hannes Mühleisen na Mark Raasveldt, walitaka kitu ambacho mchambuzi wa data angekitumia kwenye kompyuta yake bila kuajiri fundi wa seva. Toleo la kwanza la DuckDB lilitoka mwaka 2019, limepewa jina kwa heshima ya bata aliyefugwa na Mühleisen. Mwaka 2021 wawili hao walianzisha kampuni ya kuiendeleza, na haki za programu yenyewe hawakuiachia kampuni hiyo. Waliziweka chini ya wakfu tofauti, wenye sharti kwamba ibaki ya bure, hata kampuni ikiuzwa.